Dundu wa Kisiwa cha Tano

Kwa miaka mingi kazi yangu na wadudu ilikuwa kuwatupa. Nilianza kibarua cha kuchambua mbu kule Namawala nikiwa bado binti. Tulikaa akina mama kwenye meza ndefu, kila mmoja na kibano chake na sahani yake nyeupe, mitego ikaletwa asubuhi imejaa. Tuliwatenga mbu wa malaria na wasio wa malaria, dume na jike, aliyeshiba damu na mwenye njaa. Waliobaki kwenye sahani, nondo, nyenje, mbawakavu, vinzi vidogo visivyo na jina, tuliwaandika wote kwa neno moja, "wengineo", kisha tukawamwaga nje. Kuku walikuwa wanatusubiri.

Mimi niliwaangalia kwanza ndipo nikawamwaga. Hakuna aliyenituma. Wenzangu walikuwa wakinicheka kwamba nitaolewa na panzi. Lakini miaka ilivyopita nikawa nawajua hao wengineo kama mwalimu anavyojua darasa lake: huyu miguu ya nyuma minene, huyu pembe zake zina vifundo, huyu anaonekana sisimizi kumbe ni buibui anayejifanya sisimizi. Kwa hiyo ulipokuja mradi pale Ifakara uliowataka wengineo wenyewe, mbu wakawa ndio wa kutupwa, waliponiuliza kama naweza nilijibu kwamba naweza. Sikuongeza neno "nitajaribu". Nilikuwa naweza.

Mradi ulikuwa wa visiwa. Mtu asiye wa huku atashangaa, maana bahari iko mbali nasi. Lakini masika mto Kilombero ukifurika, bonde linageuka ziwa, na sehemu zilizoinuka, nyingi zikiwa vichuguu vya zamani vilivyokwisha kuota miti, hubaki juu ya maji. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kindamba, na utotoni nimelala kwenye visiwa hivyo kambini, nikitoa siafu kwenye nywele zangu. Nilijua kuwa maji yakipanda kila chenye miguu hukimbilia juu. Nilichokuwa sijui ni kwamba kuna watu duniani wanaotumia maisha yao kuuliza nani alifika kisiwani, alifikaje, na nani alishindwa.

Mkuu wetu alinieleza siku ya kwanza. Alikuwa kijana mwenye digrii, ametoka mkoa wa mbali, mpole, mwenye shikamoo nzito kuliko ya watoto wangu.

"Mama, kisiwa cha katikati ya bahari kinachukua maelfu ya miaka kupata wadudu wake," alisema. "Sisi hatuwezi kukaa kuwasubiri. Lakini hapa kwenu kisiwa kinazaliwa Machi na kufa Juni. Tunaweza kuangalia kila kitu."

Tulichagua visiwa vitano. Cha kwanza kilikuwa karibu na kijiji, mita chache tu kutoka nchi kavu, mahali ng'ombe wanapopita kunywa. Cha tano kilikuwa mbali kuliko vyote, karibu saa nzima ya kusukuma mtumbwi kwa pondo katikati ya matete. Kila kisiwa tulichimbia vikombe vya plastiki mpaka mdomo wa kikombe ukawa sawa na ardhi, tukatia maji yenye sabuni kidogo. Mdudu anayetembea zake anatumbukia. Baada ya siku nne tunakwenda kuvitoa, tunawatia wadudu kwenye chupa za spiriti, na ndani ya kila chupa tunaweka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka. Kuandika kikaratasi na kukitia chupani ilikuwa kazi yangu peke yangu.

Mizunguko miwili ya kwanza ilitoka kama mkuu alivyotabiri. Kisiwa cha kwanza kilijaa: sisimizi wa kila namna, majongoo, tandu, nge, nyenje, na wale dundu weusi wanaoviringisha mavi ya ng'ombe, wengi mno. Cha pili pungufu kidogo, cha tatu pungufu zaidi. Cha tano kilikuwa maskini. Sisimizi wa aina mbili, panzi, na buibui mmoja mdogo wa rangi ya majivu anayekimbia juu ya maji kama anakimbia barabarani. Buibui huyo sikumpata kisiwa kingine chochote. Nilimpenda, na nilikuwa nikifungua chupa za kisiwa cha tano mwisho, kama mtu anayeweka nyama pembeni ya sahani.

Mzunguko wa tatu tulikwenda kuvitoa vikombe katika mvua kubwa. Tulikuwa wawili, mimi na mpiga pondo wetu, mkulima wa mpunga wa rika langu. Maji yalikuwa yamepanda, mpiga pondo hakutaka tukawie, na kisiwa cha tano tulishuka upande mmoja tu, wenye vikombe, nikavifanyia kazi nimeinama huku mvua inanipiga mgongoni, tukaondoka. Siku mbili baadaye nilimwaga chupa ile kwenye sahani, na wakatoka dundu wa mavi. Hakuwa mmoja aliyepotea njia. Walijaa sahani.

Nilihesabu, nikaandika, nikampelekea mkuu fomu. Jioni aliniita mezani kwake.

"Mama, hii ya kisiwa cha tano imechanganyika na ya kisiwa cha kwanza."

"Haijachanganyika."

"Dundu hawa wanafuata ng'ombe. Kisiwa cha kwanza kina ng'ombe. Cha tano kimezungukwa na maji kila upande, hakuna hata mbuzi. Mvua ilikuwa kubwa, mlikuwa na haraka. Ni kitu cha kibinadamu, mama, sikulaumu."

Hilo la kutolaumiwa ndilo lililoniuma. Nilikwenda kuleta sahani, nikaiweka chini ya hadubini yake, nikamwonyesha kwa ncha ya kibano.

"Unamwona huyu wa rangi ya majivu? Huyu hayuko kisiwa cha kwanza, wala cha pili, wala cha tatu, wala cha nne. Kama chupa hii ni ya kwanza, yeye anafanya nini humu?"

Aliangalia muda mrefu. Kisha akasema buibui mmoja hawezi kushindana na dundu wote wale, kwamba labda vikombe vyenyewe havikuoshwa vizuri, kwamba aliwahi kupoteza kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya lebo zilizokorogwa na mtu mwingine, na hakutaka yamkute tena. Alikuwa anaogopa, nikaliona hilo. "Mstari huu nitaufuta," akasema. "Tutasubiri mzunguko ujao."

"Usifute," nikamwambia. "Nipe wiki moja. Mimi sichanganyi chupa."

Alikubali, nadhani kwa sababu ya umri wangu kuliko kwa sababu ya buibui.

Jumamosi nilitoka nyumbani kwangu Viwanja Sitini alfajiri, nikampitia mpiga pondo, nikamwomba anipeleke kisiwa cha tano kwa siku yangu mwenyewe. Hakuuliza mengi. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa kali. Safari hii nilimwambia azunguke, tushukie upande wa pili, nyuma ya vichaka.

Kabla hatujafunga mtumbwi nilisikia harufu ya zizi.

Alikuwako mama mmoja wa Kisukuma, kijana kuliko mimi, amejitanda kanga mbili, na nyuma yake wamesimama ndama wawili na mtamba mmoja aliyekuwa akichechemea mguu wa mbele. Alikuwa amekata matete akawajengea uzio mdogo. Alipotuona hakukimbia, maana angekimbilia wapi, lakini alishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mayu," akasema. Mayu kwao ni mama.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Mmetumwa kuwachukua?"

Nilielewa. Ardhi oevu ya bonde imekatazwa mifugo, na wafugaji kama yeye walikwisha kuondolewa na kurudi na kuondolewa tena. Nikamwambia mimi ni mtu wa wadudu. Hakuniamini mpaka nilipofungua mkoba nikamwonyesha vichupa na kibano. Hapo akakaa chini, akacheka kidogo kwa mshangao, akasema vikombe vile aliviona siku aliyofika akadhani ni dawa ya mtu, akawakataza ndama wasivikaribie.

Alinisimulia. Maji yalikuja kwa kasi, mume wake na shemeji zake wakalivusha kundi kwenda upande wa juu. Ndama wawili walikuwa wachanga mno kuogelea, na mtamba ameumia. Wanaume waliona bora kuwaacha. Yeye hakuona hivyo. Aliazima mtumbwi kwa mvuvi, akawapakia ndama mmoja mmoja amewafunga miguu, mtamba akaogelea nyuma akivutwa kwa kamba, na kisiwa hiki ndicho cha kwanza alichokiona ambacho hakikuwa na watu. Alikuwa na siku kumi pale, anakula unga na samaki aliopewa na mvuvi huyo.

Mpiga pondo wetu alibaki amesimama kwenye maji, hakutoa salamu. Mwaka uliotangulia ng'ombe waliingia shamba lake wiki chache kabla ya kuvuna, mpunga ukaisha wote. Mama yule hakuwa ndiye, wala ng'ombe wale hawakuwa ndio, lakini moyo wa mtu aliyelala njaa haupangi hivyo.

Nikaomba kuona mavi. Mama akaniangalia vizuri, kisha akanionyesha kwa fimbo. Nikapiga magoti.

Walikuwa kazini. Mmoja anakata donge kwa kichwa chake kilicho kama sepetu, mwingine ameshamaliza donge lake, amesimama kwa mikono na kulisukuma kwa miguu ya nyuma, kinyumenyume, anapanda mzizi, anaanguka, anapanda tena. Wengine wawili walikuwa wanagombania donge moja kwa hasira ya watu wazima. Nilikaa pale bila kuhesabu muda. Kisha nikasikia mlio mzito kutoka juu ya maji, nikageuka. Dundu alikuwa anakuja angani, chini chini, kutoka upande wa kijiji, amevuka maji yote yale ambayo sisi yalituchukua saa nzima kwa pondo. Alipita juu ya kichwa cha mpiga pondo, akajipiga kwenye ardhi kama jiwe, akajigeuza, akakunja mabawa yake chini ya magamba, akaanza kutembea moja kwa moja kwenda kwenye mavi. Wanyama watatu tu walikuwa wameitoa harufu, upepo ukaibeba, naye akaifuata.

Nilicheka kwa sauti. Mama wa Kisukuma naye akacheka, nadhani kwa kuniona mimi.

Tulipokuwa tunaagana alinishika mkono. "Mayu, usinitaje. Nipe siku sita. Mtamba akiweza kukanyaga, naondoka."

Nilifikiri kabla ya kumjibu. Sijawahi kuandika uongo kwenye fomu, na sikuwa tayari kuanza. Lakini pia fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika ni nani.

"Jina lako silijui na sikuulizi," nikamwambia. "Sisi tunarudi Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata. Nitaandika wadudu nitakaowaona siku hiyo, na mavi nitakayoyaona. Nikiulizwa kama palikuwa na ng'ombe, nitasema ndiyo."

"Jumatatu inayofuata," akarudia, akihesabu kwa vidole. "Tutakuwa tumeondoka."

Njiani mpiga pondo alisukuma mtumbwi mpaka tukapita kisiwa cha tatu. Kisha akasema bila kunigeukia, "Wewe unawahurumia. Mpunga wangu haukuhurumiwa na mtu."

Nilimwuliza kama atasema kijijini.

"Sikwenda kule kutafuta ng'ombe," akasema. "Nilikwenda kukupeleka wewe." Akachomeka pondo, akasukuma. Na kweli hakusema.

Jumatatu mkuu aliniuliza kama nimefikiria lile jambo la chupa. Nikamwambia sikuhitaji kufikiria, nilikwenda.

"Umeona nini?"

"Nimeona chupa yangu ni sahihi. Lakini sitaki uniamini kwa mdomo. Mzunguko ujao twende wote, ukaone kwa macho yako. Mpaka hapo usifute."

Alitaka kuuliza zaidi, nikamtazama tu. Nina watoto wanne, najua kumtazama mtu mpaka akaahirisha swali.

Siku ilipofika tulikwenda watu watatu. Mkuu hakuzoea mtumbwi, alishika kingo zote mbili kama mtu aliyepanda punda mkorofi. Niliomba tushukie upande wa pili. Mama na wanyama wake walikuwa wameondoka. Uzio wa matete ulikuwa umelazwa chini, nyayo zimejaa tope, na mavi yamekauka na kutobolewa matundu kama chujio. Juu ya ardhi hakukuonekana dundu hata mmoja.

Mkuu alisimama akatazama nyayo. "Kumbe palikuwa na ng'ombe."

"Ndama wawili na mtamba. Nimewaona."

"Ni nani aliwaleta huku?"

"Mtu aliyekuwa anaokoa ndama."

Mpiga pondo alikuwa nyuma yetu, anatoa maji kwenye mtumbwi kwa kopo. Kopo lilisimama, kisha likaendelea. Mkuu alinitazama, akamtazama na yeye, akainamisha kichwa. "Lakini dundu wako wapi, mama?"

Nilichukua panga nikaanza kuchimba pembeni mwa mavi, taratibu, nikifuata shimo moja linaloshuka. Kiasi cha shubiri moja chini nikakuta chumba, na ndani yake donge la mviringo, laini kama limepigwa msasa. Nikampa mkononi. Nikachimba la pili. Hili nililipasua kwa kucha, na katikati, kwenye kijumba chake, lilikuwa limelala yai jeupe.

Mkuu alipiga magoti kwenye tope na suruali yake safi. Alishika lile donge kwa muda mrefu. Alikuwa amesoma habari hizi kwa kila lugha aliyoijua, lakini hakuwahi kulishika.

"Hawakupita tu," akasema kwa sauti ndogo. "Wamezaa."

"Wamezaa."

"Mama, nisamehe. Nilisema umechanganya."

"Ulisema hunilaumu," nikamjibu. "Hilo ndilo la kuniomba msamaha."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniomba msamaha wa hilo pia, kwa heshima, ameinama. Nikampa mkono nikamwinua. Kwenye fomu aliandika mwenyewe: mifugo michache, muda mfupi, imeondoka. Aliniuliza kama nakubali. Nilisoma mara mbili, nikakubali, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli.

Mayai yale hayakuwa na bahati. Masika yale maji yaliendelea kupanda, na baada ya majuma mawili kisiwa cha tano kilifunikwa chote, yakabaki matawi ya juu tu yamejaa sisimizi waliofungana kama mpira. Mkuu alisikitika kama mtu aliyefiwa na kuku wake wote. Mimi sikusikitika sana. Nimekulia kwenye maji hayo. Nilimwambia ndivyo visiwa vyetu vilivyo, mwenye mabawa atarudi, asiye na mabawa atarudi juu ya gogo, na mwaka unaofuata tutajua nani kawahi. Tuliendelea miaka mitatu. Siku hizi fomu zetu zina mstari wa mavi na nyayo, na wachambuzi wapya wakija Ifakara huletwa kwenye meza yangu kwanza. Siku ya kwanza nawapa sahani moja na kuwakataza kutumia neno "wengineo".

Mama wa Kisukuma sikumwona tena. Mpiga pondo analima mpunga palepale; mwaka huu kaweka uzio wa miiba.

Mkuu wetu alipata nafasi nyingine, yuko kwenye kisiwa kidogo katikati ya bahari, mbali na kila nchi, ambako anasema meli hufika kwa nadra. Ananitumia picha kwenye simu mtandao ukipatikana. Mwezi uliopita alinitumia nyenje asiye na mabawa kabisa, mnene, mweusi, akauliza, "Mama, huyu unamjua?"

Nilikuza picha kwa vidole viwili, nikahesabu vifundo vya pembe zake, nikaangalia miguu. Nikamwandikia kwamba sura hiyo naijua, ndugu zake wako milimani juu ya Mang'ula, ila hawa wa kwake wameacha kuruka, labda kwa sababu huko upepo unamchukua anayeruka na kumtupa baharini. Nikamwambia pia picha yake haina mwanga, apige nyingine mchana, kutoka ubavuni, na aniwekee sarafu pembeni nijue ukubwa.

Alijibu baada ya siku tatu. Picha ilikuwa nzuri, na nyenje wa picha hii ya pili alikuwa jike. Nilivaa miwani, nikavuta kiti karibu na dirisha.